Mwanagenzi na Maneno ya Bahari: Kukisoma Kitabu cha Dana Mbali na Pwani

Ugumu wa kitabu cha Richard Henry Dana unaanzia kwenye jalada. Two Years Before the Mast, kilichotolewa New York mwaka 1840, kikifasiriwa neno kwa neno kitaitwa Miaka Miwili Mbele ya Mlingoti, na msomaji wa Kiswahili atadhani ni habari za mtu aliyesimama miaka miwili akiutazama mti. Kumbe katika merikebu za zama hizo mabaharia wa kawaida walilala omoni, mbele ya mlingoti wa kwanza, ilhali nahodha na wasaidizi wake walikaa shetrini. Kuwa mbele ya mlingoti ni kuwa mtu wa kuamrishwa. Jina la kitabu lataja cheo zaidi kuliko mahali, na asiyelijua hilo ameshapotea kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Dana alizaliwa Cambridge, karibu na Boston, mwaka 1815. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard wakati ugonjwa wa surua ulipoyadhoofisha macho yake hata akashindwa kuendelea na masomo. Badala ya kusafiri kama abiria, alijiandikisha kuwa baharia katika Pilgrim, merikebu ndogo ya milingoti miwili iliyong'oa nanga Boston tarehe 14 Agosti 1834. Ilizunguka Rasi ya Horn, ikafika mwezi wa Januari 1835 katika pwani ya California, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Meksiko. Huko kazi ilikuwa kupanda na kushuka pwani, kutoka Santa Barbara hadi Monterey, kutoka San Pedro hadi San Diego, kuuza bidhaa na kukusanya ngozi za ng'ombe. Miezi kumi na sita ilipita hivyo. Dana alirudi Boston Septemba 1836 katika merikebu nyingine, Alert, iliyosheheni ngozi zipatazo 40,000.

Kitabu hiki husifiwa sana kwa dhoruba zake. Jambo linalochunguzwa hapa ni dogo zaidi, nalo ni hofu ya mwanagenzi. Mtu akisoma sura za kwanza kwa makini ataona kwamba kijana huyu wa miaka kumi na tisa anayaogopa maneno kabla ya kuyaogopa mawimbi. Na ikiwa ndivyo, basi msomaji anayekijua Kiswahili bila kuijua bahari, yaani msomaji wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani, amekaa mahali pazuri pa kumwelewa kuliko inavyodhaniwa.

Dana mwenyewe anaanza kwa kujicheka. Amevua koti la kubana na glavu za ngozi laini, amevaa suruali pana ya turubai, shati la mirabamiraba na kofia iliyopakwa lami, naye anajiona baharia kamili. Mabaharia wa kweli wanamtambua mara moja: rangi ya uso na ulaini wa mikono vimemtoboa. Lakini aibu ya mavazi si kitu ikilinganishwa na kinachofuata. Merikebu inapoondoka, amri zinatolewa upesi na kutekelezwa upesi. Watu wanakimbia huku na huku, kamba zinavutwa, sauti zinaitikiana, naye peke yake hajui lililosemwa. Kiingereza hicho ni lugha ya mama yake. Ameisoma shuleni, ameisoma chuoni, na hapo sitahani haimfai kitu. Hakuna hali ya unyonge inayopita hiyo ya mtu kuwa mgeni ndani ya lugha yake mwenyewe.

Siku chache za mwanzo hazijaisha, upepo unachafuka na Dana anatumwa juu kwenda kupunguza tanga. Miguu yake haijazoea, tumbo linapinduka, giza limetanda, na yeye ameikumbatia foromali kwa mikono yote miwili akitapika kuelekea upande wa chini wa upepo. Anakiri bila kujitetea kwamba msaada wake huko juu haukuwa mkubwa. Anayemwokoa ni mpishi wa merikebu, mzee mweusi ambaye kitabu kinamwita Mwafrika. Mpishi anamshauri atupe baharini vyakula vitamu vyote alivyokuja navyo kutoka nyumbani, ale nyama ya chumvi na mkate mkavu wa merikebuni. Hata shauri hilo la tumbo analitoa kwa tamathali ya chombo kinachogeuza mwelekeo wake kwenye upepo. Dana anafuata, anapona. Somo lake la kwanza la lugha ya bahari linatoka jikoni.

Ni muhimu kuona kwamba mwandishi hakumhurumia msomaji wake. Katika dibaji anakubali kuwa mambo mengi ya kazi yatabaki bila kueleweka kwa asiye baharia, lakini anategemea kwamba fikra ya msomaji itaweza kupita juu yake, kama inavyopita katika hadithi za bahari za James Fenimore Cooper. Mwaka uliofuata, 1841, alitoa kitabu kingine, The Seaman's Friend, chenye kamusi ya istilahi za merikebu na maelezo ya sheria zinazowahusu mabaharia. Maana yake ni kwamba alikuwa na uwezo wa kueleza, akachagua kutoeleza. Kamusi aliiweka mahali pake. Katika simulizi aliacha ukungu uwepo. Uamuzi huo ndio uti wa mgongo wa sanaa yake, kwa kuwa msomaji anajifunza kwa mwendo uleule aliojifunza yeye: neno linasikika mara moja kama kelele, mara ya tano kama kazi, mara ya ishirini kama jambo la kawaida. Sura za mwisho zina istilahi nyingi kuliko za mwanzo, lakini zinasomeka kwa wepesi zaidi.

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapopata kazi. Kiswahili cha pwani kina hazina kubwa ya msamiati wa chombo, sehemu yake kubwa ikiwa imetokana na Kiarabu, Kiajemi na lugha za Kihindi. Foromali hutwekwa kwa jarari, tanga likafuata. Kamba ya demani hulidhibiti. Chombo kinachokwenda kinyume cha upepo hubisha. Maji yaliyopenya hukusanyika ngamani yakatekwa. Serahangi ana kazi yake, na rubani ana yake. Hata hivyo hazina hiyo haitoshi yote. Jahazi lina tanga lake kubwa la pembe, ilhali Pilgrim ilikuwa na matanga mengi ya mraba yaliyopangwa moja juu ya jingine, na watu walipanda angani kuyakunja. Mtepe wa Lamu nao ulikuwa na tanga la mraba, lakini la mkeka, na moja tu. Mfasiri atalazimika kunyoosha maneno.

Tena atalazimika kuamua anamfasiria nani. Kiswahili kiliingia mashariki ya Kongo kwa miguu. Kilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya karne ya 19, kikatua Kasongo na Nyangwe, kisha katika karne ya 20 kikakua upya migodini na mijini Katanga. Njiani kilidondosha kisichohitajika. Wavuvi wa Kalemie na Uvira wana maneno yao ya mtumbwi, wavu na upepo. Lakini jarari na joshi, kwa mzungumzaji wa Lubumbashi, ni maneno yasiyo na picha. Mazoea mabaya ya masomo yamemfundisha mwanafunzi wa huko kwamba akikutana na neno la namna hiyo upungufu ni wake: kwamba Kiswahili halisi kiko pwani, na chake ni mabaki. Ndiyo sababu tafsiri za vitabu kama hiki huogopwa, au huandaliwa zikiwa na mabano na maelezo chini ya kila ukurasa, kana kwamba msomaji ni mgonjwa wa kulishwa kwa kijiko.

Kitabu cha Dana kinapinga mazoea hayo. Kikifasiriwa kwa msamiati kamili wa pwani, bila mabano, msomaji wa Mombasa au Unguja mwenye ujuzi wa vyombo ataelewa amri zote tangu usiku wa kwanza, naye atakuwa amekosa kitu: atasimama upande wa serahangi akimtazama kijana mjinga. Msomaji wa Lubumbashi atasimama pamoja na kijana. Atasikia lugha anayoiita yake ikigeuka kelele, ataona haya, atashikilia neno moja analolijua kama anayeshikilia kamba, na baada ya kurasa mia moja atagundua kwamba ameshajua. Tafsiri hiyo isiyoeleza haimdharau. Inamwamini.

Sehemu ya California inathibitisha mwendo huu. Bandari nyingi za pwani ile zilikuwa wazi kabisa kwa upepo wa kusini-mashariki wakati wa majira ya baridi. Merikebu ilitia nanga mbali na nchi, ikawa tayari muda wote kuachilia mnyororo, kuufunga kwenye chelezo na kukimbilia bahari kuu dakika ile mawingu yalipobadilika. Katika kurasa hizo Dana hatetemeki tena. Anatazama anga na kujua amri itakayotoka kabla haijatoka. Ngozi zilibebwa kichwani, miguu mitupu juu ya mawe, kupita katikati ya mawimbi yanayovunjika, kwa sababu zikilowa ziliharibika. (Mwanafunzi wa Harvard anaueleza ubebaji wa kichwani kama ufundi mgumu wa kujivunia; wapo wasomaji watakaotabasamu.) Mahali pengine ngozi zilitupwa kutoka juu ya genge refu, na zilipokwama kwenye mawe Dana alishuka kwa kamba kuzinasua. Alipofika chini salama, malipo yake yalikuwa kuambiwa kwamba ni mpumbavu kuhatarisha maisha kwa ajili ya ngozi chache. Amejifunza pia Kihispania kwa kitabu cha sarufi na kamusi, hata akawa mtu wa kutumwa pwani kila kulipohitajika mazungumzo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kukisifu kitabu kama hadithi ya ujinga ulioshindwa. Kitabu chenyewe hakikubali. Mnamo Novemba 1834, baada ya merikebu kuipita Rasi ya Horn, kijana Mwingereza, George Ballmer, alianguka kutoka juu akiwa amebeba vifaa vizito. Hakujua kuogelea, mashua ilishushwa, ikazunguka, ikarudi tupu. Dana anaeleza jinsi matusi na kicheko kikubwa vilivyotoweka kwa muda miongoni mwa mabaharia. Ballmer hakuwa mjinga wa maneno wala wa kazi. Kuna hofu isiyotibiwa na kamusi.

Na kuna tukio la San Pedro. Nahodha wa Pilgrim, Frank Thompson, alimchukia baharia mmoja aitwaye Sam, mtu mzito wa mwendo na mwenye kusitasita katika kusema. Katika kitabu kinachojali maneno kiasi hiki, si jambo la kupita kwamba wa kwanza kupigwa ni yule ambaye maneno hayamtoki vizuri. Nahodha alitaka akiri kosa kwa namna alivyotaka yeye. Sam alijibu kwamba yeye si mtumwa mweusi, na nahodha akamwambia kuwa basi atamfanya mmoja. Akachapwa. John, Mswidi aliyekuwa bora kuliko mabaharia wote, aliuliza mwenzake anachapwa kwa kosa gani, naye akachapwa kwa sababu ya kuuliza. Dana, ambaye sasa anaijua lugha ya merikebu, aligeuza uso akatazama majini. Alijiapia kwamba akifika nyumbani atawatetea watu hawa, na kwa kweli aliporudi akawa mwanasheria wa mabaharia. Kunyamaza kwake sitahani hakukatokani na woga tu. Neno lolote lingekuwa uasi. Lakini ni kunyamaza, na sifa yake kama mwandishi ni kwamba hakukuficha.

Wenzake nao waliona tofauti. Ulipofika wakati wa kurudi nyumbani mapema katika Alert, Dana aliambiwa atoe mtu wa kushika nafasi yake Pilgrim, na kwanza ilitaka kuwa kijana maskini wa Kiingereza. Mabaharia walinung'unika kwamba mtoto wa watu wakubwa anakwenda zake na mnyonge anaachwa. Mwishowe alipatikana kijana mwingine aliyekubali kwa kulipwa. Dana anayaandika manung'uniko hayo kwa uaminifu, lakini hana jibu nayo. Alijifunza lugha yao yote, ila nyuma yake palikuwa na barua na jamaa wa Boston. Hapo mfanano wake na msomaji wa Lubumbashi unafika ukingoni, na ni vema usivutwe zaidi ya hapo.

Mwaka 1851 na 1854, mjini Boston, Dana alisimama mahakamani katika kesi zilizotokana na kukamatwa kwa watumwa waliotoroka. Wasomaji hupenda kuunganisha kazi hiyo na mijeledi ya San Pedro, na huenda wana haki. Katika kitabu, hata hivyo, maneno ya nahodha kuhusu mtumwa mweusi yanapokelewa kama tusi kwa Sam peke yake. Mzee wa jikoni, aliyemfundisha mwanagenzi kula na kusimama, alikuwa mpishi wa merikebu iyo hiyo. Simulizi haisimami kumtazama.