Ufundi wa Kumngojesha Mtazamaji

Katika vibanda vya video vya Langas, mtaa wenye watu wengi kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet, kimya hakina nafasi. Watu wamebanana kwenye mabenchi, na sauti ya msimulizi DJ Afro inaisindikiza filamu ya kigeni kwa Kiswahili na Sheng tangu mwanzo hadi mwisho. Stelingi akisita kidogo kabla ya kurusha ngumi, msimulizi anauziba mwanya huo: anamkejeli adui, anampachika jina, anawaandaa watu kwa kipigo. Huo ni ufundi wa haki, na umewafungulia wengi filamu ambazo lugha ingewanyima.

Mtazamaji aliyezoea kasi hiyo akiketi mbele ya tamthilia inayohusu enzi za ukoloni, hachelewi kulalamika kwamba hadithi haisongi. Aliye kando yake anamwomba anyamaze. Kila mmoja ana hoja, ila huyu wa pili hutetewa kwa nadra, na anastahili kutetewa.

Mfano upo Eldoret kwenyewe. Mnamo Januari 2004 Kimani Maruge, mkongwe wa Mau Mau aliyesema ana miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, mwaka mmoja baada ya serikali ya Mwai Kibaki kufuta karo ya shule za msingi. Kisa chake kikawa filamu, The First Grader (2010), iliyoongozwa na Justin Chadwick. Katika tamasha la Toronto mwaka huo, ilishika nafasi ya pili kwenye tuzo inayopigiwa kura na watazamaji. Baadhi ya wahakiki, kwa upande wao, waliona inawasukuma watu mno walie.

Itazame barua iliyomo humo. Mzee ana waraka wa serikali asioweza kuusoma, na anachotaka ni kuusoma yeye mwenyewe. Mwongozaji angeweza kutufichulia yaliyomo mapema na kuendelea na mengine. Badala yake anatungojesha pamoja na mzee, huku Oliver Litondo, anayemwigiza Maruge na aliyewahi kuwa mtangazaji wa habari, akiufanya uso wake kuwa ukurasa wa kusomwa. Kisha kuna penseli. Katika kumbukumbu za miaka ya 1950, watesi wanamtia Maruge penseli iliyochongwa sikioni, na sasa chombo kile kile ndicho anachokihitaji darasani. Mkono ukisita juu ya daftari, hapana haja ya msimulizi wa kutueleza kwa nini.

Pwani nako kuna Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya 1999, ambayo wanafunzi wa kidato cha 5 na cha 6 Tanzania waliisoma kwa miaka. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin anamtoroka mume mzee aliyeozwa, anampenda Denge, kijana anayepigania uhuru. Aliyeisoma riwaya kwa ajili ya mikikimikiki ya siasa huenda akaona filamu inakawia kwenye vivuli na vichochoro vya Mji Mkongwe. Lakini wapenzi hawa wanaviziwa na polisi na wanatazamwa na jamii. Kukawia huko kunatuonyesha bei ya kila hatua wanayopiga, kama bashrafu katika taarabu inavyomwandalia mwimbaji njia.

Si kila kinachokwenda taratibu kina ufundi. Zipo tamthilia zinazorudia machozi yale yale ili kurefusha msimu, na anayezizima hajakosea. Kipimo ni kama mtazamaji anajua zaidi kimya kinapokwisha kuliko kilipoanza.

Maisha ya Maruge mwenyewe yalikuwa na sura nyingine. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoichoma Langas na mitaa jirani, zilimkimbiza hadi kambi ya wakimbizi wa ndani, naye akaendelea kwenda shuleni kutoka huko. Alifariki Agosti 2009. Miezi hiyo ya kambini inastahili tamthilia ya televisheni yenye vipindi vingi, iliyopigwa papa hapa Eldoret, na mwongozaji atakayethubutu kuiacha kamera itulie juu ya mzee anayevaa soksi zake ndefu za shule mlangoni mwa hema.