Tarikh ya Kilwa ilivyopona, na faili zetu zinavyopotea

Julai 1505 jeshi la Francisco de Almeida liliivamia Kilwa Kisiwani na kuupora mji. Kuta za Msikiti Mkuu zingalipo. Tarikh, yaani historia ya masultani wake iliyotungwa karne ya 16, mswada wake wa asili haujapatikana. Tunachokisoma leo kimetoka kwenye maandishi mawili yaliyosalimika mbali na kisiwa: muhtasari wa Kireno katika kitabu cha João de Barros kilichochapwa Lisbon mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Unguja mwaka 1877, ambayo Sultani Barghash alimpa konsuli wa Uingereza, John Kirk. Sasa iko London.

Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ni bahati tu. Na bahati yenyewe ilikuwa pungufu. Dibaji ya Kiarabu inaahidi milango kumi, iliyomo ni saba. Orodha za masultani nazo hazilingani. Ikabidi Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba magofu ya Kilwa, apime maneno kwa sarafu na matabaka ya udongo. Akausogeza mbele mwanzo wa nasaba ya Washirazi hadi mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya sarafu Mtambwe Mkuu, Pemba, hesabu ya mwanzo huo ikarudi nyuma tena.

Sisi nasi tunaitegemea bahati hiyohiyo. Ingia steshenari yoyote ya Kilwa Masoko. Kwenye kompyuta utakuta "ripoti mwisho", "ripoti mwisho 2" na "ripoti mwisho kabisa", zote ndani ya diski moja. Flashi ya akiba imechomekwa ubavuni, haitoki. Mwenyewe anaamini ana nakala nne. Diski ikifa anabaki na flashi. Kirusi cha kufunga faili kikiingia, flashi nayo inakwenda. Mwizi ndiye asiyebakiza kitu.

Uvivu si sababu pekee. Siku unayonakili kwenda mtandaoni, hakuna kinachobadilika mbele ya macho yako, ilhali bando linaliwa papo hapo. Wengine wanategemea hifadhi ya mtandaoni inayojisawazisha na kompyuta, wakisahau kwamba ukifuta faili huku, na kule hufutika. Usipowahi kuitoa kwenye kapu la taka, basi. Halafu mtandao wenyewe: Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, mawasiliano yakazorota nchi nzima.

Kwa hiyo mtandao pekee hautoshi, na diski ya mezani pekee haitoshi. Mafundi wanashauri nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Mimi naongeza jambo ambalo wengi hulipuuza: nakala isiyowahi kufunguliwa usiihesabu. Wiki hii nakili kazi zako kwenye diski ya nje, ifungue kwenye kompyuta nyingine, soma faili moja hadi mwisho, kisha mpe ndugu yako wa Lindi akutunzie.