Mahindi, Chokaa na Magoti

Jumapili asubuhi mji wa Tlacolula, mashariki ya jiji la Oaxaca kusini mwa Mexico, haupitiki. Barabara zinazolizunguka kanisa hufunikwa maturubai kona hadi kona, na chini yake wanawake wa Kizapoteki, mitandio kichwani na aproni za maua kiunoni, huuza panzi waliokaangwa kwa chumvi na ndimu, pilipili kavu za kila rangi, vitunguu saumu, na bata mzinga waliofungwa miguu wakiwa hai. Wageni wanaokuja kula hupumbazwa na rangi hizo. Wanaokuja kujifunza upishi wangefanya vyema kumtafuta kwanza mwenye mabonge meupe yasiyo na harufu wala urembo. Huyo anauza chokaa, na bila chokaa sehemu kubwa ya vyakula vya bonde hili isingekuwepo.

Kazi yenyewe huanza jioni. Mahindi makavu hutiwa kwenye sufuria la maji pamoja na chokaa iliyokwisha kuzimwa, kiasi cha kilo moja kwa kila kilo mia za mahindi, kisha moto huchochewa mpaka maji yakaribie kuchemka. Maji hugeuka manjano na jikoni hunuka kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Mpishi huchota punje moja na kuisugua kwa kidole gumba na cha shahada. Ganda likiteleza na kuvuka huku kiini kingali kigumu, sufuria huepuliwa. Ukiwahi kuliepua, ganda litagoma kutoka. Ukichelewa, donge litakuja kuwa gundi isiyobanduka mkononi. Hakuna saa inayosaidia hapo, kwa sababu mahindi ya msimu uliopita hayanywi maji sawa na yaliyovunwa juzi, wala ya buluu hayaivi pamoja na meupe. Vidole ndivyo vinavyojua mbivu na mbichi. Baada ya hapo sufuria hulala usiku kucha, na alfajiri mahindi husuuzwa, maji ya manjano yakamwagwa, tayari kwa kusagwa. Mahindi yaliyofanyiwa hivyo huitwa nixtamal.

Yeyote aliyewahi kujaribu kusukuma chapati kwa unga wa sembe anajua kitakachotokea: inapasuka kabla haijafika kwenye kikaango. Unga wa mahindi mkavu hauna cha kuushikilia. Chokaa huyeyusha ganda na kubadili wanga kiasi kwamba donge hukubali kukandwa, kutandazwa hadi likawa jembamba kama kitambaa, na kugeuzwa juu ya moto bila kuraruka. Ndiyo maana Mexico ina tortilla, na ndiyo maana tortilla si chapati ya mahindi tu. Lakini faida kubwa zaidi haionekani kwa macho. Mahindi yana niasini, ile vitamini B3, ila imefungwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua.

Watu wa nchi nyingine waliyachukua mahindi wakaiacha chokaa, na wakalipa. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal alieleza ugonjwa wa ajabu miongoni mwa maskini wa Asturias, kaskazini mwa Hispania, ambao chakula chao kilikuwa mahindi karibu matupu: ngozi ilikuwa ikiwababuka shingoni na mikononi. Waitaliano waliupa jina la pelagra. Kusini mwa Marekani, katika miongo minne ya kwanza ya karne ya 20, uliwapata watu wanaokadiriwa kufika milioni tatu na kuua kama laki moja. Daktari Joseph Goldberger alitumia miaka mingi kuwathibitishia wakubwa waliokuwa wakisaka kijidudu kwamba tatizo lilikuwa kwenye sahani, na ni mwaka 1937 tu ndipo mtafiti Conrad Elvehjem alipoonyesha kuwa niasini ndiyo dawa. Mwaka 1990, Malawi, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliugua pelagra baada ya karanga kukatika kwenye mgao wao, wakabaki na mahindi.

Hapa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ana haki ya kusikitika kidogo. Mahindi yalianza kufika kwetu zama za Wareno, na chokaa ilikuwapo tayari: watu wa Lamu na Unguja walikuwa wakichoma matumbawe, wakajengea nyumba na kulia tambuu. Viwili hivyo vilikaa mji mmoja karne kadhaa bila mtu wa kuvikutanisha jikoni. Wapishi wa bara wanaotia magadi kwenye makande ili yaive upesi wamefika karibu na mlango, ingawa wao wanachowaza ni kuni.

Turudi Oaxaca, kwa anayesaga.

Jiwe lake huitwa metate. Ni bamba la jiwe la volkeno lenye miguu mitatu mifupi, limeinama upande wa mbele, na juu yake hupita jiwe la mkononi, refu kama mchi, linaloshikwa ncha zote mbili. Msagaji hupiga magoti kwenye mkeka. Anasukuma mbele kwa uzito wa mabega, anavuta nyuma bila kukandamiza, na kila asukumapo viganja hupinda kidogo ili jiwe la juu liviringike nusu na kuburuta nusu. Mgeni akijaribu hutumia mikono, na baada ya dakika tano anainuka akijishika kiuno huku nusu ya punje zikiwa nzima. Mwenyeji anatumia mgongo mzima, na donge linateremka ukingoni laini, lina unyevu wa kutosha, halina chenga. Jiwe jipya halitumiwi hivi hivi: husagiwa mahindi yanayotupwa, tena na tena, mpaka lisitoe mchanga. Likizeeka likawa laini mno, hugongwagongwa upya ili lipate meno. Wachongaji wengine wako vijiji vya Teitipac, ndani ya bonde hilohilo, na metate iliyopakwa maua ya rangi ni zawadi ya harusi inayoheshimika. Ya mama hurithiwa na binti.

Mwanamke wa Afrika Mashariki aliyelelewa penye ulezi na mawe ya kusagia hatahitaji kuelezwa neno juu ya magoti hayo. Kwa sababu hiyo hiyo inafaa kutoyapamba sana. Kabla ya mashine, mwanamke wa kijijini Mexico aliweza kutumia saa tano au sita kwa siku kusaga tu, akianza kabla ya jogoo. Mashine za kusagia nixtamal zilipoenea katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na serikali ya Lázaro Cárdenas, iliyotawala kuanzia 1934 hadi 1940, ikavigawia vikundi vya wanawake baadhi yake, wapo wanaume waliolalamika kwamba tortilla zimeharibika ladha na kwamba foleni ya mashineni ni kijiwe cha umbeya. Wanawake walipanga foleni. Walifanya sawasawa, na msafiri anayeiona mashine hiyo kijijini leo na kununa kwamba “asili imepotea” angepewa metate awalishe watu wanane kwa wiki moja, ndipo aulizwe tena.

Jambo la kupendeza ni kwamba jiwe halikutupwa. Mahindi ya kila siku yakaenda mashineni, na metate ikabaki na kazi ambazo mashine haiziwezi vizuri. Kakao ni mojawapo. Haioti katika bonde la Oaxaca; husafirishwa kutoka Chiapas na Tabasco. Hukaangwa, humenywa, kisha makaa ya moto huwekwa chini ya metate ili jiwe lipate joto. Mafuta ya kakao yanayeyuka, na kile kilichokuwa chenga kikavu kinaanza kung’aa, kinalainika, kinateremka kama uji mzito mweusi. Joto likizidi kakao inaungua, likipungua inaganda. Msagaji anajua kwa kiganja tu.

Kijiji cha Teotitlán del Valle kinajulikana zaidi kwa mazulia ya sufu, yenye wekundu unaotokana na vidudu vidogo vya kochinili vinavyoishi kwenye mpungate. Abigail Mendoza, Mzapoteki wa kijiji hicho, alikipa sababu ya pili ya kutembelewa: mkahawa wa Tlamanalli, anaouendesha na dada zake, ambako metate ni chombo cha kazi. Alijifunza kusaga akiwa mtoto. Mwaka 2014 kipindi cha televisheni cha mpishi Anthony Bourdain kilimwonyesha dunia nzima akiwa amepiga magoti mbele ya jiwe, na pengine hicho ndicho kitu cha maana kuliko vyote kwenye kipindi kile: mpishi mkuu mwenye heshima zake, na kituo chake cha kazi kiko sakafuni.

Mole ndiyo inayompima mtu. Huo ni mchuzi mzito wa pilipili, na vitabu vya wasafiri husema Oaxaca inazo saba, hesabu nzuri kwa bango la watalii. Diana Kennedy, Mwingereza aliyezunguka vijiji vya jimbo hilo kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 2010, Oaxaca al Gusto, alikuta mapishi yasiyoingia kwenye hesabu ya namna hiyo. Nyeusi ndiyo ya sherehe. Inahitaji chilhuacle, pilipili ya bonde la Cuicatlán iliyo adimu na ya bei kali, na viungo vingine ishirini na zaidi: ufuta, lozi, zabibu kavu, nyanya, ndizi, mdalasini, karafuu, pilipili manga, chokoleti. Mbegu za pilipili huunguzwa kabisa mpaka ziwe makaa, na moshi wake hukohoza nyumba nzima, kwa hiyo hufanyiwa uani. Tortilla nayo huunguzwa. Kisha mbegu hulowekwa kuondoa uchungu, na kila kitu hukaangwa peke yake kabla ya kusagwa. Kuunguza kwa makusudi, tena kwa kipimo! Wapishi wengi duniani wamefundishwa kinyume chake.

Mole hiyo humwagwa juu ya nyama ya bata mzinga, ndege ambaye Wazapoteki wamemfuga muda mrefu; karibu na mji wa Mitla yalichimbuliwa mayai yake ya miaka 1,500 iliyopita, mengine yakiwa bado mazima. Na sherehe haipikwi na nyumba moja. Kuna desturi iitwayo guelaguetza: jirani analeta kakao, mwingine bata mzinga, mwingine tortilla, na Teotitlán familia huandika daftarini nani kaleta nini na kiasi gani, maana siku yake ikifika vitarudishwa. Mwenye kadi za michango ya harusi kabatini ataielewa hesabu hiyo mara moja. Tofauti ni kwamba huko Teotitlán jasho nalo huhesabiwa, kwa kuwa wanawake huja pia kusaga.

Mahindi nayo yana umri mkubwa zaidi. Mlimani, si mbali na Mitla, liko pango dogo la Guilá Naquitz. Mwanaakiolojia Kent Flannery alilichimba mwaka 1966, na vigunzi vya mahindi alivyovipata, vilipopimwa upya na matokeo kuchapishwa mwaka 2001, vilionekana kuwa na umri wa takriban miaka 6,250. Ni vifupi mno, na punje zake zilikuwa chache. Vilitoka kwenye nyasi ya porini iitwayo teosinte, ambayo watu wa bonde la mto Balsas walianza kuibadilisha yapata miaka 9,000 iliyopita, wakichagua mbegu msimu kwa msimu. UNESCO iliyaingiza mapango ya Yagul na Mitla, likiwemo hilo, kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010, mwaka uleule upishi wa jadi wa Mexico ulipoingia kwenye orodha ya urithi usioshikika.

Chokaa si njia pekee. San Andrés Huayápam, kijiji kilicho kandokando ya jiji, kina wanawake wanaotengeneza tejate, na wao hawatumii chokaa. Mahindi yao huchemshwa kwa majivu. Husagwa pamoja na kakao, kokwa la tunda la mamey, na maua makavu ya mti unaoitwa rosita de cacao. Donge huwekwa kwenye beseni kubwa la udongo, na mwanamke hulikanda kwa mkono uliozama hadi kiwiko, huku akiongeza maji baridi kidogo kidogo na kuyamimina kutoka juu. Povu zito jeupe linainuka na kusimama juu ya kinywaji cha rangi ya udongo. Hunywewa kwenye kibuyu kilichopakwa rangi, na mteja anayeujua mji hulitazama povu kwanza. Likiwa limelala, anapita.

Mkulima anayelisha ufundi wote huu hana raha. Oaxaca ina aina za asili za mahindi zipatazo 35, na ile iitwayo bolita ndiyo inayopendwa kwa tlayuda, tortilla kubwa kama sinia inayokaushwa juu ya moto na kudumu siku kadhaa. Bolita hulimwa kwa mvua kwenye vipande vidogo vya shamba. Tangu mkataba wa biashara na Marekani na Kanada uanze kutumika mwaka 1994, imebidi ishindane na mahindi ya bei rahisi ya kaskazini, na pia na unga wa paketi unaochanganywa na maji tu, usiohitaji kulaza sufuria wala kupima punje. Mwezi Machi 2025 Mexico iliingiza katika katiba yake marufuku ya kupanda mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Sheria hiyo inalinda mbegu. Bei sokoni ni shauri jingine. Jijini Oaxaca, mtaa wa Reforma, kibanda cha Itanoní kimekuwa kikipika tortilla za mahindi ya kienyeji tangu 2001, na wateja hawakosekani. Vijijini mkulima wa bolita hulima kwanza chakula cha nyumba yake, na kinachobaki, mwaka ambao mvua imekuwa nzuri, ndicho kinachopanda gari kwenda mjini.