Kutoka "Wako" Hadi "Wenu": Mama wa Mbinguni katika Wimbo wa Eliza R. Snow

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuwaachia wanateolojia nyimbo za dini, kana kwamba utungo ukishaimbwa kanisani hauna tena fani ya kuchunguzwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika wimbo mmoja angalau, jambo zito la imani limekaa ndani ya sarufi, na kwamba msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kulitambua.

Eliza R. Snow alizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1804, akabatizwa katika kanisa la Wamormoni mwaka 1835. Wimbo wake ujulikanao kama O My Father ulichapishwa kwa mara ya kwanza mjini Nauvoo, Illinois, Novemba 1845. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, ambaye Eliza alikuwa mmoja wa wake zake, alikuwa ameuawa Juni 1844. Baba mzazi wa mtunzi naye alifariki Oktoba 1845. Kwa hiyo anayemwita Baba katika utungo huu ni mwanamke aliyefiwa. Hata hivyo, hatuna hapa ombolezo tu; tuna hoja.

Utungo una beti nne zenye mishororo minane kila mmoja. Katika ubeti wa kwanza, mtunzi anakumbusha kwamba aliishi kwa Baba kabla ya kuzaliwa, na anauliza atarudi lini. Katika wa pili, anakiri kwamba Baba ndiye aliyemweka duniani na kumsahaulisha makao yake ya awali, ingawa kuna kitu cha siri kinachomnong'oneza kuwa yeye ni mgeni hapa. Ubeti wa tatu ndio wenye uzito. Ikiwa Mungu ni Baba, je, mbinguni wazazi huwa wapweke? Akili inalikataa wazo hilo, na ukweli unamjulisha mtunzi kwamba anaye Mama huko. Mama huyu hakuonekana katika njozi. Amefikiwa kwa kufikiri.

Sasa tuutazame ubeti wa nne. Katika beti zilizotangulia, Baba anasemeshwa kwa thou, nafsi ya pili umoja ya Kiingereza cha ibada, na Mama anatajwa katika nafsi ya tatu tu. Katika ubeti wa mwisho, Baba na Mama wanaitwa pamoja, na thou inaiachia nafasi you. Kwa kuwa Kiingereza cha leo hutumia you kwa mmoja na kwa wengi, msomaji wa Kiingereza anaweza kupita bila kuona kitu. Mfasiri wa Kiswahili hana njia ya kupita hivyo: "wako" lazima iwe "wenu". Tena, tendo lenyewe linasahihishwa. Ubeti wa pili ulisema Baba ndiye aliyemweka mtunzi duniani. Wa nne unasema waliomtuma ni wawili. Aliyekuwa tokeo la hoja amekuwa msikilizaji wa ombi.

Hili si jambo dogo. Mwaka 1991 Gordon B. Hinckley, aliyekuwa wakati huo mshauri katika Urais wa Kwanza wa kanisa hilo, alikubali kwamba akili yaonyesha kuwa kama yupo Baba wa mbinguni, yupo na Mama. Lakini akasema haifai kumwomba. Alikubali ubeti wa tatu na kusita mbele ya wa nne. Nao wimbo umo katika kitabu cha nyimbo cha kanisa hilo cha 1985.

Huenda mtu akasema kuwa mwito katika wimbo ni desturi ya kishairi, wala si sala. Jibu limo katika maandiko ya Wamormoni wenyewe: ufunuo wa 1830 uliomhusu Emma Smith, mwanamke aliyepewa kazi ya kuchagua nyimbo za kanisa, unaufanya wimbo wa wenye haki kuwa sala kwa Mungu. Kwa kipimo hicho, anayeuimba ubeti wa nne hadi mwisho amekwisha kuomba.

Hatuna budi kutaja upungufu wa utungo. Mama huyu hana tendo lake peke yake, wala hasemi neno. Jina lake hutokea kando ya jina la Baba au halitokei kabisa. Eliza alimfungulia mlango lakini hakumpa sauti. Pamoja na hayo, mwanamke huyu alidai haki ya kumjua Mungu kwa akili yake mwenyewe, na dai hilo limedumu midomoni mwa waumini. Mfasiri atakayeuleta wimbo huu katika Kiswahili, akiandika "wako" pale panapotaka "wenu", atakuwa ameufunga mlango huo tena.