Maambukizi "ya Kawaida" ya Mkojo: Kasoro ya Istilahi

Vijikaratasi vya afya vilivyofasiriwa kutoka Kiingereza mara nyingi hutaja maambukizi "ya kawaida" ya njia ya mkojo. Kivumishi hicho kimeteuliwa vibaya, na madhara yake hayaishii katika lugha.

Waganga hawakukusudia wepesi wa ugonjwa. Mwongozo wa mwaka 2010 wa chama cha Marekani cha wataalamu wa maradhi ya kuambukiza uliweka katika fungu hilo hata maambukizi ya figo, maadamu mgonjwa ni mwanamke asiye mjamzito wala mwenye kasoro ya njia ya mkojo. Maambukizi ya figo huweza kuleta homa, kutapika na maumivu ya ubavuni. Ni Mswahili gani atakayeyaita hayo ya kawaida?

Hatari hudhihirika katika uteuzi wa kiuavijasumu. Nitrofurantoini hukusanyika katika mkojo, lakini haifiki ya kutosha katika nyama ya figo. Hufaa kwa kibofu, aghalabu kwa siku 5. Kwa figo haifai. Muuza dawa akisoma kwamba ni dawa ya maambukizi "ya kawaida", aweza kumpa mwenye figo zilizoambukizwa. Yafaa basi mfasiri ataje kiungo chenyewe: maambukizi ya kibofu, maambukizi ya figo. Itasemwa kwamba tafsiri hiyo hailingani na asili neno kwa neno. Na isilingane.

"Usugu wa dawa" nao una walakini, ingawa umekwisha kuenea. Kihusishi "wa" chaifanya dawa ndiyo sugu. Wengine huzidisha kosa kwa kuandika kwamba mwili "umeizoea" dawa. Kilicho sugu ni kijasumu, na kwa maradhi haya hasa Escherichia coli, ambacho chaweza kuwa sugu hata ndani ya mtu asiyewahi kumeza dawa hiyo. Heri tuseme "usugu wa vijasumu kwa dawa".

Mwongozo uliotajwa ulishauri kotrimoksazoli isitolewe kwa kukisia mahali ambapo usugu umezidi asilimia 20. Ikifasiriwa "asilimia 20 ya usugu wa dawa", msomaji atadhani dawa imepungua nguvu kwa sehemu moja ya tano, kwa hiyo aongeze vidonge. Iandikwe hivi: katika kila sampuli 100 za vijasumu vilivyopimwa, zaidi ya 20 hazikushindwa na dawa hiyo.