Kipenda Roho na Chema Chajiuza: Ngoma za Burundi katika Albamu za Roki

Katika toleo hili tunaleta uhakiki ambao huenda ukawashangaza wasomaji waliozoea kuona riwaya na tamthilia zikichambuliwa katika kurasa hizi. Leo tunachambua santuri. Chanzo chake ni mjadala uliozuka baina ya wanafunzi wa somo la uhakiki kuhusu albamu za roki za zamani: ipi bora, ipi imepitwa na wakati, na je, swali lenyewe lina jibu? Upande mmoja ulijikinga kwa methali isemayo kipenda roho hula nyama mbichi. Kwa maoni yao, anayesema "albamu hii ndiyo bora" anatueleza habari za moyo wake tu, na moyo wa mtu haubishaniwi. Upande wa pili ukajibu kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwao, albamu iliyouzwa sana na kudumu miaka arobaini imekwisha kufaulu mtihani wake.

Makala haya yanashikilia kwamba methali hizo mbili, zikitumiwa namna hiyo, zinaua uhakiki. Ya kwanza inatuambia kwamba sababu hazihitajiki, na ya pili inaliachia soko kazi ya kutoa sababu. Mfano wa kulithibitisha hilo uko karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa baadhi ya albamu zilizotajwa katika mjadala ule zilichota kutoka Burundi, na chemchemi hiyo inatuelekeza Gitega.

Ngoma kabla ya santuri

Mwanafunzi atokaye tarafa ya Bugendana hahitaji kufundishwa kwamba ngoma ni jambo la heshima. Katika mkoa wake wa Gitega kiko kilima cha Gishora, ambacho mapokeo yanakihusisha na Mwami Mwezi Gisabo na ushindi wake dhidi ya mtemi mwasi Ntibirangwa. Huko ndiko zilikohifadhiwa ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa. Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili zilizoshikana: ala inayopigwa, na utawala wa mfalme. Msemaji wa Kiswahili asilione hilo kuwa geni. Mwinyi Mkuu wa Unguja naye alikuwa na ngoma na siwa kama alama za enzi yake, na siwa za Lamu na Pate zinajulikana na kila aliyesoma historia ya pwani.

Ngoma hizi zina kanuni zake. Mzinga huchongwa kutoka gogo la mti uitwao umuvugangoma, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe. Katikati hukaa inkiranya, ngoma inayoongoza. Nyingine huizunguka kwa umbo la nusu duara: amashakwe hushika mdundo usiokatika, na ibishikizo huifuata inkiranya kila inapobadili mwendo. Wapigaji hupokezana mbele ya inkiranya wakicheza na kuruka. Ilikuwa sanaa ya ikulu, iliyoambatana na kutawazwa kwa wafalme, maziko yao, na sikukuu ya mtama iitwayo umuganuro. Anayeisikiliza kwa makini atasikia mambo mawili yakivutana: uthabiti wa amashakwe na uhuru wa inkiranya. Uzuri wake umo katika mvutano huo, nasi tutaurudia hapa chini.

Safari ya rekodi moja

Ufalme wa Burundi ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966. Mwaka uliofuata mtafiti Michel Vuylsteke alirekodi muziki nchini Burundi, na mwaka 1968 kampuni ya santuri ya Ocora ya Ufaransa ikautoa. Tarehe hizo zinafaa kusomwa pamoja. Ngoma za mwami zilifika katika maduka ya Ulaya wakati kiti zilichokuwa zikikitumikia kimekwisha kuondolewa. Aliyenunua santuri ile alipata sauti bila kupata muktadha wake.

Mwaka 1971 ikatoka Ufaransa santuri ndogo iitwayo Burundi Black, ambamo ngoma za Ocora ziliongezewa piano na ala nyingine za kisasa. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, alitoa albamu The Hissing of Summer Lawns, na katika wimbo wake The Jungle Line akatumia kipande cha ngoma hizo kikirudiwarudiwa. Mwaka 1980 kundi la Adam and the Ants la Uingereza likatoa Kings of the Wild Frontier. Hapo hapakuwa na kipande cha rekodi. Palikuwa na wapigaji wawili wa dramu waliojenga mdundo mzito ambao wachambuzi wa wakati ule waliuita mdundo wa Burundi. Mwaka 1981 kundi la Bow Wow Wow, lililosimamiwa na Malcolm McLaren, likafuata njia hiyohiyo kwa albamu yenye jina refu linaloanza na See Jungle! Msomaji aliangalie neno hilo la "jungle", yaani msitu mnene. Limejitokeza mara mbili, na wala si kwa bahati.

Tupime kwa fani na maudhui

Tuanze na Mitchell. Kwa upande wa fani, The Jungle Line ni wimbo wa kijasiri. Juu ya ngoma kumewekwa kinanda cha umeme cha Moog chenye sauti nzito, gitaa, na sauti ya mwimbaji mwenyewe, basi. Mwaka 1975 mwanamuziki aliyekuwa amejizolea mashabiki kwa nyimbo laini za gitaa angeweza kuendelea kuwapa walichozoea. Yeye alihatarisha jina lake. Kwa upande wa maudhui, wimbo unamhusu mchoraji Mfaransa Henri Rousseau, aliyechora misitu ya nchi za joto ilhali hakuwahi kutoka Ufaransa. Mimea yake aliiona katika bustani za Paris. Mitchell anauchukua msitu huo wa kubuniwa na kuupanda katikati ya mji wa kisasa. Kwa hiyo wimbo wenyewe unajua kwamba msitu anaouzungumzia umo vichwani mwa watu wa mjini. Hiyo ni akili ya hali ya juu.

Hata hivyo, hapohapo ndipo penye dosari. Mwimbaji alihitaji sauti ya kuuwakilisha msitu, naye akachagua ngoma za ikulu. Orodha ya wapigaji katika albamu inaziita ngoma za wapiganaji wa Burundi, jina la jumla tu lisilomtambulisha mpigaji yeyote, na lililogeuza ibada ya kifalme kuwa kelele za vita. Atazamaye vilima vya Bugendana huona migomba, maharagwe na kahawa hadi kileleni. Tunaweza kusema kwamba santuri ya Ocora ilikuwa kwa Mitchell kama bustani za Paris zilivyokuwa kwa Rousseau: alichuma jani zuri bila kuuona mti. Wimbo unaomchunguza mchoraji wa msitu wa kubuniwa umejichorea msitu wake wa kubuniwa.

Kuna dosari nyingine ya kifundi. Kipande cha rekodi kikikatwa na kurudiwarudiwa, inkiranya haiwezi tena kubadili mwendo. Kiongozi amefungwa minyororo, na ibishikizo havina wa kumfuata. Ule mvutano tuliousema unapotea, unabaki uthabiti peke yake. Asiyezijua ngoma hizi hatahisi pengo. Anayezijua atahisi kama msomaji wa utenzi aliyepewa ubeti mmoja mara ishirini.

Kings of the Wild Frontier ni habari tofauti. Fani yake ni ya furaha: ngoma mbili zinagonga pamoja, gitaa la Marco Pirroni linakata, sauti zinapokezana kwa vifijo. Maudhui yake ni vazi la maonyesho, mara maharamia, mara mashujaa wa Wahindi Wekundu, na Burundi haitajwi. Aliyekopa mdundo bila kudai kuieleza Burundi ametukosea kidogo zaidi, lakini pia ametupa kidogo zaidi cha kufikiri. Baada ya kusikiliza mara tatu, albamu imekwisha kutoa ilichonacho.

Je, soko linasemaje?

Iwapo chema chajiuza ndicho kipimo, mjadala umekwisha. Kings of the Wild Frontier ilikaa kileleni mwa chati ya albamu ya Uingereza kwa wiki 12, na ndiyo iliyouzwa kuliko zote nchini humo mwaka 1981. The Hissing of Summer Lawns nayo iliuzwa vizuri Marekani, ikafika nafasi ya 4, lakini ilipotoka baadhi ya wahakiki waliipokea kwa ubaridi. Mhakiki wa jarida la Rolling Stone, Stephen Holden, aliyasifu maneno yake na kuona muziki wake umepungua. Miaka ilipita, Prince akaisifu hadharani, na leo wahakiki wengi wanaihesabu miongoni mwa kazi kubwa za Mitchell. Katika muda wote huo albamu haikubadilika hata noti moja. Kilichobadilika ni masikio.

Masikio hujifunza, na hili ndilo jibu kwa pande zote mbili za mjadala wetu. Kama ladha ingekuwa nyama mbichi ya roho isiyobishaniwa, wahakiki wasingebadili maoni yao baada ya kusikiliza tena na kusikia hoja za wengine. Na kama mauzo yangekuwa hukumu, albamu iliyokaa wiki 12 kileleni isingehitaji kutetewa na mtu yeyote leo.

Mwandishi wa makala haya anaipenda zaidi Kings of the Wild Frontier. Ni albamu inayomwinua mtu kitini. Akiulizwa ipi bora, atataja The Hissing of Summer Lawns bila kusita, pamoja na dosari zake zote, kwa sababu ina mengi ya kugombana nayo. Kupenda na kuhukumu vinaweza kukaa katika kichwa kimoja bila kupigana, mradi mwenye kichwa asivichanganye.

Hoja mbili za upinzani

Kwanza, atasema mtu: msikilizaji wa London alifurahi bila kujua mwami ni nani; kwa nini tumdai elimu ya historia? Furaha yake ni halali, wala hatumnyang'anyi. Tunachodai ni kwamba akivuka kutoka "nimefurahi" hadi "hii ni sauti ya msituni", amekwisha kutoa dai, na dai hujibiwa kwa ushahidi.

Pili, kuna hatari upande wetu. Wapo watakaosema kwamba santuri ya Ocora inazishinda albamu zote hizi kwa sababu ni ngoma zetu. Hiyo nayo ni kipenda roho iliyovaa bendera. Rekodi ile ni bora kama rekodi ya ngoma kwa sababu inasikika ndani yake namna inkiranya inavyotoa ishara na kundi zima linavyogeuka pamoja. Sababu hiyo ataipokea hata mtu wa Oslo. Wapiga ngoma wenyewe hawakuwa na ubaguzi. Mwaka 1982, katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza, wapiga ngoma wa Burundi walipiga jukwaani pamoja na kundi la roki la Echo & the Bunnymen. Huko kiongozi wao alikuwepo, na aliweza kubadili mwendo alipotaka.

Hitimisho

Jambo hili si la starehe tu. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaka 2017 amri ya rais ikaweka masharti ya kuipiga, ikiwa ni pamoja na kuwazuia wanawake, na mabishano yakafuata. Katika mabishano ya namna hiyo, jamii inayojua kusema "ni yetu" au "tunaipenda" pekee haitakuwa na la kusema pale wengine watakapoieleza kwa niaba yake. Itaitwa ya msituni, ya wapiganaji, na jina litabaki.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wa Kiswahili wa Gitega, Muyinga na kwingineko walete muziki darasani pamoja na vitabu. Mwanafunzi apewe wimbo aupendao na aulizwe maswali matatu: umesikia nini hasa? Kinafanya kazi gani ndani ya wimbo? Mtu asiyekubaliana nawe utamwonyesha wapi? Akiyajibu kwa Kiswahili fasaha amekwisha kuwa mhakiki, hata kama albamu yake ni ile ambayo sisi hatuivumilii.

Wanaoona kwamba Kings of the Wild Frontier imeonewa, uwanja uko wazi katika toleo lijalo. Waje na sababu.