Wanaotuchagulia Habari

Uhakiki wetu umezoea riwaya na mashairi. Leo, ndugu msomaji, tuhakiki kitu tunachokisikia kila asubuhi na hatukisemi: usomaji wa magazeti redioni.

Hapa Fukayosi, kando ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, kulipata gazeti la karatasi ni bahati. Gazeti letu ni redio. Mtangazaji anasoma vichwa vya habari, anatia chumvi kidogo, mzee anatikisa kichwa, basi. Kutwa nzima tutabishana juu ya habari ambayo hakuna aliyeisoma.

Mwaka 2017 Waziri Harrison Mwakyembe aliagiza redio na televisheni zisome vichwa tu, zisiingie ndani, ili magazeti yapate wanunuzi. Kwa maoni yangu dawa ile haikuugusa ugonjwa. Kichwa bila habari ni kifuu bila nazi: kelele unayo, tui huna.

Wengine tulikimbilia mtandaoni. JamiiForums, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, ilitufundisha kubandika habari ya gazeti na kuijadili papo hapo. Angalau pale msikilizaji aligeuka msemaji. Lakini jamani, tuseme kweli: hata kule kichwa kikali ndicho kilichovuta watu, na wengi wetu tulijibu kabla ya kufungua.

Tazameni ya kwetu. Bandari ya Bagamoyo ilijaza kurasa za mbele mkataba ulipotiwa saini 2013, ikazijaza tena mpango uliposimamishwa 2019, na tena 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kufufua mazungumzo. Sawa, ni jambo kubwa. Je, bei ya nanasi la Kiwangwa wakati wa mavuno umeisikia ikisomwa asubuhi mara ngapi? Na nanasi ndilo linalolipa ada ya mtoto.

Kumbe anayechagua ndiye mhariri, hata kama hakuandika neno. Basi naye ahakikiwe kama mwandishi. Ewe mtangazaji, nawe mbandikaji, soma mpaka mwisho kabla hujatuita. Halafu kila wiki tuchagulie moja ambayo haikutoka ukurasa wa mbele.

Nasi vijana tunaojiita waandishi tusikae kulalamika tu. Habari ya nanasi haiwezi kuchaguliwa kama hakuna aliyeiandika.